Ufundi wa friji na viyoyozi: Mzazi, piga hesabu kwanza

Kila matokeo ya KCSE yanapotangazwa, kuna nyumba nyingi za jijini ambamo furaha huwa haba. Kijana amepata D, mlango wa chuo kikuu umefungwa, na wazazi wanaulizana la kufanya. Ndipo jirani anapotoa ushauri: "Mpelekeni akasomee friji na viyoyozi. Fundi hakosi kazi."

Ushauri huo si mbaya hata kidogo. Lakini kabla ya kuuza ng'ombe au kutoa akiba ya chama, yafaa mzazi na kijana, awe wa kike au wa kiume, waketi pamoja na kalamu na karatasi. Wengi waliojuta baadaye hawakukosea kuchagua ufundi. Walikosea hesabu.

Karo si gharama yote

Kozi za ufundi katika vyuo vya umma zina ngazi tatu. Ile ya chini humpokea kijana mwenye alama yoyote ya KCSE, ya cheti hudai D, na ya stashahada hudai C ya kutoa.

Mwaka 2018 serikali iliweka karo ya vyuo hivyo kuwa Sh56,420 kwa mwaka, na kati ya hizo ikawa inalipa Sh30,000 kwa kila mwanafunzi aliyepelekwa huko na serikali. Familia ikabakiwa na Sh26,420. Mpango wa ufadhili ulibadilishwa mwaka 2023, kwa hivyo ni sharti uombe chuo chenyewe karatasi ya karo ya mwaka huu. Lakini kwa mfano tu, tuchukue kiwango cha 2018. Cheti cha miaka miwili kingeidai familia Sh52,840.

Wazazi wengi huishia hapo, na hapo ndipo hesabu inapopotea. Kijana aliye darasani hafanyi kibarua. Agizo la mishahara la Novemba 2024 liliweka Sh16,113.75 kwa mwezi kama kima cha chini cha kibarua wa kawaida Nairobi, bila marupurupu ya nyumba. Kwa miezi 24 hizo ni Sh386,730, zaidi ya mara saba ya karo. Hata tukisema kwamba kijana angepata kibarua nusu ya wakati tu, bado ni Sh193,365.

Sasa jumlisha. Karo pamoja na nusu hiyo ya vibarua ni Sh246,205. Tuseme cheti kinamwezesha kupata Sh8,000 zaidi ya kibarua kila mwezi. Atahitaji miezi 31 kurudisha gharama. Ziada ikiwa Sh4,000, atahitaji miaka mitano na zaidi. Ziada hizi ni za mfano. Waulize mafundi wa mtaani kwako uweke kiwango cha kweli. Usisahau pia kwamba mkopo wa HELB ni deni, na kwamba fundi asiye na geji, pampu ya kufyonza hewa, mita ya umeme na vifaa vya kuchomea shaba atabaki msaidizi wa fundi mwingine.

Kazi iko wapi?

Kinachoamua ziada hiyo ni ujuzi na mahali. Mombasa joto lenyewe hutafuta fundi: hoteli, benki na ofisi haziwezi kukaa bila viyoyozi. Lakini Nairobi, ambako mwezi wa Julai watu huvaa sweta mchana kutwa, nyumba zenye viyoyozi ni chache. Kazi ya Nairobi iko kwenye mabucha, maduka makubwa, maziwa, chanjo za hospitali na mochari. Naivasha kuna maua, Kisumu kuna samaki. Mali hizi zikikosa baridi usiku mmoja, hasara ni kubwa, na mwenyewe hataki fundi wa kubahatisha. Kwa hivyo kijana wa Nairobi aliyefundishwa kiyoyozi cha ukutani peke yake atangoja sana. Atafute kozi yenye vyumba vya baridi na umeme wa kutosha.

Darasa huonyesha thamani yake hapo. Fundi wa kubahatisha hujaza gesi, hulipwa, na baada ya mwezi friji inakufa tena. Aliyesoma anajua kwamba gesi ya friji haitumiki ikaisha kama ile ya jikoni. Ikipungua, kuna mahali inavuja, na lazima pazibwe kwanza.

Tena gesi zenyewe zinabadilika. Chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987, nchi zinazoendelea zinapaswa kuacha karibu kabisa kununua gesi ya R-22 ifikapo 2030, na makubaliano ya Kigali ya 2016 yanapunguza aina nyingine. Friji nyingi mpya hutumia gesi inayoshika moto. Anayewasha moto wa kuchomea bomba kabla ya kuitoa gesi hiyo anahatarisha maisha yake na ya mwenye nyumba.

Njia ya jua kali

Asiyeweza kungoja miaka miwili ana njia nyingine. Anaweza kujifunza chini ya fundi huku akipata ya mboga, kisha afanye mtihani wa ufundi wa NITA, kuanzia gredi ya tatu hadi ya kwanza. Njia hii hula wakati mchache wa mapato. Udhaifu wake ni kwamba atajua tu yale fundi wake anayoyajua, kwa hivyo ajazie na masomo ya jioni ya umeme.

Kwa anayechagua chuo, swali la kwanza lisiwe karo. Uliza kama kimesajiliwa na TVETA. Uliza nani hutahini, na kama chuo humtafutia mwanafunzi mahali pa kufanyia mazoezi ya kazi. Kisha omba kuingia karakana. Hesabu mashine zinazofanya kazi, na wanafunzi wangapi wanangojea kila mojawapo. Chuo cha bei nafuu ambacho kijana hagusi mashine ndicho ghali kuliko vyote, kwa maana kitamla miaka miwili na kumrudisha kwenye kibarua kile kile. Usilipe hata shilingi kabla hujaiona karakana hiyo kwa macho yako.