Mchezaji wa Riziki, Si wa Sifa

Vijana wetu wa Pwani wakizungumza habari za spoti, aghalabu humtaja aliyepata vikombe na mamilioni. Mimi leo namtaja mwengine: mchezaji wa kuhamahama, aufanyaye mchezo kama fundi afanyavyo kazi yake, mwaka huu hapa, mwaka ujao kule.

Huyo ni Ikram Butt, Mwislamu mwenye asili ya Pakistan, aliyezaliwa Leeds, Uingereza, mwaka 1968. Alicheza raga ya ligi, ambayo si ile tuliyoizoea hapa Kenya ya watu 15 au saba. Hii ina watu 13, na chanzo chake ni riziki. Mwaka 1895 vilabu vya kaskazini ya Uingereza vilikutana Huddersfield vikajitenga na chama kikuu, kwa kuwa chama kilikataa wachezaji wafidiwe ujira walioukosa kwa ajili ya mchezo. Wengi walikuwa wachimba makaa na vibarua wa viwandani. Siku ya Jumamosi, asiyekwenda kazini halipwi.

Butt, mchezaji wa pembeni, alianzia Leeds, akaenda Featherstone, mji mdogo uliokuwa wa wachimba makaa, kisha London, Huddersfield na Hunslet. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani: Hunslet ni mtaa wa Leeds kwao!

Mwaka 1995 alichaguliwa kuichezea England dhidi ya Wales, akawa Mwislamu wa kwanza kuvaa jezi hiyo katika raga.

Najua barazani nitaulizwa: jezi ya siku moja ndiyo nini? Hazem El Masri, Mwislamu mwenzake mzaliwa wa Lebanon, alistaafu Australia mwaka 2009 akiwa na pointi 2,418, ambazo hakuna aliyezifikia kabla yake. Huyo sifa zake ni haki yake. Lakini nawauliza nanyi: timu ya watu 13 itajazwa na mashujaa watupu? Wengi ni watu wa jasho, wasiojua klabu itawataka tena au la.

Fauka ya hayo, Butt hakuondoka peke yake. Mwaka 2004 alianzisha chama cha kuwavuta vijana wa asili ya Asia katika raga. Kwa hivyo, mzazi mwenzangu, mwanao akikwambia anapenda mchezo, usimwulize atakuwa nani. Mwulize kama ataufanyia kazi, na atamshika nani mkono.