Gololi, kadi au simu: kamati ya maji ya Fataki ilipie nini?

Kamati ya maji ya Fataki, katika eneo la Djugu, Kongo, ikipata fedha kidogo za kufundisha utunzaji wa chemchemi kwa njia ya michezo, itakuta mambo matatu ya kuchagua. Mimi naona fedha hizo ziende kwanza kwa seremala, achonge ubao wa gololi.

Mchezo wa gololi ulizaliwa Usangu, Tanzania, ambako Mto Ruaha Mkuu ulianza kukauka wakati wa kiangazi katika miaka ya 1990. Mtafiti Bruce Lankford na wenzake walitumia ubao ulioinamishwa, uliochongwa mto na mifereji. Gololi ndiyo maji. Kila mchezaji anatega vijiti ili azivutie kwenye shamba lake. Wa juu wanajaza, wa chini wanabaki na ubao mtupu, na hapo mabishano ya kweli yanaanza.

Mbao, gololi na ujira wa fundi hulipwa mara moja. Hakuna umeme, hakuna kusoma. Anayesema Kilendu, Kihema au Kialur anaona mwenyewe gololi zilipokwenda. Hapa Fataki, gololi moja iwe bidoni ya lita 20. Kipimo cha Sphere, viwango vya kimataifa vya misaada ya kibinadamu, wakati wa dharura ni angalau lita 15 kwa mtu kwa siku: nyumba ya watu sita inahitaji lita 90, yaani bidoni nne na nusu. Waketi upande wa chini wenyeji, juu waketi waliokimbia vita vilivyorudi Djugu Desemba 2017, kisha wabadilishane nafasi. Watu wanaogombea foleni moja wanahitaji mchezo huu kuliko hotuba.

Kadi za picha ni rahisi kuzipata. Shirika la Afya Duniani lilitoa PHAST, mwongozo wa kuzitumia, mwaka 1998, baada ya majaribio yaliyogusa Kenya na Uganda. Mwongozo wa CHAST ukafuata kwa ajili ya watoto. Wachezaji wanapanga picha mafungu matatu: tabia nzuri, mbaya, na ya katikati. Karatasi si ghali. Gharama iko kwa mwezeshaji, ambaye lazima afundishwe, alipwe na arudi tena na tena. Picha nazo zichorwe upya: mtoto anayeteka kwenye bomba la chemchemi hajitambui katika picha ya kisima cha kamba. Kadi zinafundisha usafi zaidi kuliko kugawana maji, kwa hiyo kipindupindu kikinukia, zitangulie.

Michezo ya kompyuta na simu, kama Aqua Republica, inavutia macho, lakini mega na chaji hulipwa kila mara. Tena mara nyingi simu nzuri iko mfukoni mwa baba, wakati bidoni iko kichwani mwa mama na binti. Siwezi kuipendekeza.

Mkimwagiza seremala, mwambieni ubao ukunjike na ufungike nyuma ya pikipiki. Djugu watu huhama ghafla.