Kamati hewa iliyojipa funguo za ghala: Somo la kompyuta kwa wakulima wa Matombo

MKULIMA wa Matombo, kwenye miteremko ya mashariki ya Milima ya Uluguru, anaelewa umuhimu wa ghala lenye mtunza mwaminifu. Akihifadhi karafuu au mdalasini wake akisubiri bei nzuri, hasumbuliwi na mzigo wa jirani ilimradi kila mmoja ana chumba chake na funguo kuu zipo mikononi mwa mtu anayefahamika.

Siku hizi, hata hivyo, sehemu ya mali yake ipo katika ghala ambalo hajapata kuliona. Jina na namba ya simu aliyoandikisha ili apate mbolea ya ruzuku, utaratibu ulioanza msimu wa 2022/2023, vimo kwenye kompyuta. Tume ya Maendeleo ya Ushirika nayo ina mfumo wa MUVU wa kusimamia vyama, na SACCOS nyingi zimehamisha hesabu za akiba na mikopo kutoka kwenye madaftari.

Ili kupunguza gharama za mashine, umeme na viyoyozi, taasisi nyingi duniani huchukua kompyuta moja kubwa na kuigawa kwa programu maalumu. Inafanya kazi kama kompyuta kumi au ishirini, kila moja ikijiona ipo peke yake. Wataalamu huziita kompyuta pepe. Ni sawa na ghala moja lililokatwa vyumba na kupangishwa.

Unafuu huo una hatari yake. Anayeishika programu ya kugawa anavishika vyumba vyote kwa pamoja.

Kamati hewa

Mfano mzuri ni wa mwaka 2024. Mwezi Juni, kampuni ya Broadcom, inayomiliki VMware, ilitoa marekebisho ya programu ya kugawa kompyuta iitwayo ESXi. Julai 29, Microsoft ikaeleza jinsi wahalifu walivyokuwa wakiutumia udhaifu uliokuwamo.

Pale programu hiyo ilipounganishwa na orodha ya watumiaji ya kampuni, ilimpa mamlaka yote mwanachama yeyote wa kikundi kinachoitwa ESX Admins. Kwa kawaida kikundi hicho hakikuwepo kabisa katika orodha hiyo, na programu ilitazama jina tu, haikuuliza nani amekiunda. Mhalifu aliyekwisha kuiba nywila ya ofisa mwenye ruhusa ya kuunda vikundi alikiunda, akajiandika mwanachama, na papo hapo akawa msimamizi mkuu.

Ni kama mtunza ghala aliyeambiwa awafungulie wajumbe wa Kamati ya Ghala bila kuonyeshwa muhtasari wa kikao kilichoichagua. Yeyote anayejua kuandika barua yenye jina hilo anaingia.

Kwa mujibu wa Microsoft, miongoni mwa waathirika ilikuwamo kampuni ya uhandisi ya Amerika Kaskazini. Wahalifu wa aina hii hufunga kumbukumbu na kudai fedha ili wazifungue. Kompyuta mama ikifungwa, kompyuta pepe zote zilizomo husimama kwa mpigo.

Machi 2025 Broadcom ilitoa marekebisho mengine. Safari hii mpangaji mwenye mamlaka ndani ya chumba kimoja aliweza kuvunja ukuta na kuifikia kompyuta mama.

Maswali ya mkutano mkuu

Kwa mkulima, hasara haiishii kwenye mashine. Mvua haisubiri mfumo urudi, na mbolea inayochelewa haiongezi mavuno. Mwanachama asiyeweza kuthibitisha akiba yake hawezi kukopa.

Hivyo, chama kinachotunza hesabu kwenye kompyuta kiulizwe mambo manne. Kwanza, ni watu wangapi wenye mamlaka ya juu, na mtumishi akiacha kazi jina lake hufutwa siku gani? Pili, marekebisho ya programu huwekwa baada ya muda gani, na nani huthibitisha? Tatu, je, nakala ya kumbukumbu inawekwa mbali na mashine ileile, na imewahi kujaribiwa kama inafunguka? Nne, mkataba na kampuni inayotunza mfumo unasema nani atabeba hasara?

Kuuliza hivyo si ukorofi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde.

Aidha, mwanachama mwenyewe asitupe stakabadhi ya mzigo, risiti ya mbolea wala hati ya kuweka akiba. Siku mfumo utakapogoma, karatasi hizo ndizo zitakazomsemea.