Kinywa Kinachowaka Bila Kidonda

Mwenye ugonjwa wa kinywa kuwaka moto huhisi kama aliyeungua ulimi kwa chai, ila maumivu yake hayaishi kesho yake. Huanza zaidi kwenye ncha ya ulimi na pande zake, pengine yakafika midomoni na mbele ya kaakaa. Hutambuliwa kuwa ugonjwa yanaporudi kila siku kwa zaidi ya saa 2, na yakapita miezi 3, huku kinywa chenyewe kikiwa kizima. Daktari humulika, haoni chochote. Ndiyo maana wagonjwa wengi wameambiwa ni mawazo tu, na kauli hiyo huwaumiza bure, maana maumivu ni ya kweli.

Chanzo kiko kwenye neva. Mwaka 1997 maabara ya David Julius huko California ilitambua TRPV1, kipokezi kinachoamshwa na pilipili na vilevile na joto linalozidi nyuzi 43. Ndiyo sababu pilipili "huunguza" ingawa haina moto. Watafiti wa Italia walipochunguza vipande vidogo vya ulimi wa wagonjwa, mwaka 2005, walikuta nyuzi nyembamba za neva zimepungua. Vipimo vingine vimeonyesha TRPV1 nyingi kuliko kawaida kwenye zilizobaki. Ubongo hupokea taarifa ya moto usiokuwepo.

Wanaougua zaidi ni wanawake waliokoma hedhi. Wengi hulala vizuri, huamka na nafuu, kisha hali huzidi kadiri jua linavyokwenda, na jioni ndiyo mbaya zaidi. Jambo la kushangaza ni kwamba kula, ambako mtu angekuogopa, mara nyingi hutuliza. Wengine huhisi ladha ya chuma au uchungu, au ukavu ilhali mate yapo.

Kabla ya kukata shauri, daktari hupima upungufu wa madini ya chuma na vitamini B12, kisukari, tezi ya shingo na fangasi wa kinywani. Huangalia pia dawa za shinikizo la damu kama enalapril na kaptopril. Zikishukiwa, yeye ndiye wa kuzibadilisha, mgonjwa asiziache mwenyewe.

Visababishi hivyo visipopatikana, kinachotibiwa ni maumivu. Kidonge cha klonazepamu hufyonzwa dakika 3 karibu na panapowaka, kisha hutemwa. Kwa kuwa dawa hiyo huzoesha mwili, hutolewa kwa uangalizi. Tiba ya mazungumzo nayo husaidia. Nyumbani, maji baridi yanayonywewa kidogokidogo, barafu na chingamu isiyo na sukari huleta ahueni, na ni vyema kupunguza ndimu, siki, pilipili, mdalasini na dawa za kusukutua zenye alkoholi.

Ugonjwa huu hauambukizi wala haugeuki saratani, hofu ambayo wagonjwa wengi hukaa nayo kimya. Kwa baadhi yao hupungua wenyewe baada ya miaka kadhaa.