Kitenzi cha Kihispania na Mhakiki Wetu

Kihispania si lugha ya ajabu sana kwetu. "Canto" ni "naimba", "canta" ni "anaimba": nafsi imo ndani ya kitenzi, ila wao huiweka mwisho, sisi mwanzo. Tena "canta" hakisemi kama mwimbaji ni mwanamke au mwanamume. Mfasiri wa Kiingereza hana budi kuchagua. Sisi "anaimba" inatutosha.

Lakini hebu tazama "cantaba". Je, ni "nilikuwa nikiimba" au "alikuwa akiimba"? Chaweza kuwa chochote kati ya hivyo. Muktadha ndio unaoamua. Hapo mtunzi anaweza kuficha nani hasa anayeimba, na kiambishi chetu kikamfichua. Basi, mhakiki anayesoma tafsiri tu asikimbilie kuhukumu: huenda anamhakiki mfasiri, si mtunzi.