Kilomita Tano Si Marathoni

Tangazo la mbio jijini Dar es Salaam au Dodoma siku hizi lina sura moja. Juu, kwa herufi kubwa, jina la mdhamini na neno Marathon. Chini, kwa herufi ndogo: kilomita 5, 10 na 21. Ukilipa kiingilio unapata fulana, namba ya kifuani na medali, na fedha zinakwenda kujenga wodi ya wazazi au kununua madawati. Hapo hakuna wa kulalamika. Ila katika mbio hizo hatakuwapo hata mtu mmoja atakayekimbia marathoni.

Marathoni ni kilomita 42.195. Neno hilo halimaanishi mbio ndefu kwa jumla, wala mkusanyiko wa watu waliovaa fulana za rangi moja alfajiri ya Jumapili. Nusu yake, kilomita 21.0975, ni shindano jingine lenye mabingwa na rekodi zake, na huitwa nusu marathoni. Kilomita 10 ni kilomita 10. Kinachozidi 42.195 ni ultramarathoni, iwe kilomita 50, 100 au maili 100.

Namba hiyo yenye mkia haikushuka kutoka mbinguni. Olimpiki ya Athens mwaka 1896 ilikuwa na mbio za kama kilomita 40 kutoka mji wa Marathon, wazo la Mfaransa Michel Bréal la kukumbuka vita vilivyopiganwa hapo mwaka 490 kabla ya Kristo. Mgiriki Spyridon Louis alishinda. Wengi tumesimuliwa habari za mjumbe aliyekimbia kutoka vitani, akatangaza ushindi, akaanguka akafa. Herodotus, ambaye maandishi yake yako karibu zaidi na vita hivyo, hana kisa hicho. Anachosema ni kwamba mjumbe Pheidippides alitumwa kutoka Athens kwenda Sparta kuomba msaada, mwendo wa zaidi ya kilomita 200. Habari ya kufa iliongezwa na waandishi wa karne za baadaye. Basi shujaa tunayempa sifa ya marathoni, kama kweli alikimbia, alikimbia ultramarathoni.

Mwaka 1908 London iliandaa Olimpiki, na mbio zikaanzia kwenye kasri la Windsor hadi uwanjani White City, zikimalizikia mbele ya jukwaa la familia ya kifalme. Ikawa maili 26 na yadi 385, ndizo kilomita 42.195. Hata hivyo Stockholm mwaka 1912 walikimbia kilomita 40.2, na Antwerp mwaka 1920 wakakimbia 42.75. Mwaka 1921 shirikisho la riadha la kimataifa likachagua umbali ule wa London, na tangu Olimpiki ya Paris mwaka 1924 haujaguswa. Hauna utakatifu wowote. Thamani yake ni kwamba wote tumekubaliana nao, kama tunavyokubaliana uzito wa kilo moja ya sukari.

Makubaliano hayo yanalindwa kwa kazi ya kuchosha. Mpimaji hupanda baiskeli yenye kifaa kinachohesabu mizunguko ya gurudumu, akaipima kwanza kwenye kipande cha barabara kilichokwishapimwa kwa utepe, kisha akapita njia nzima kwa mstari mfupi kuliko yote ambayo mkimbiaji anaweza kuipita, akibana kona zote. Mwishoni huongezwa mita 1 kwa kila kilomita ili njia isije ikapungua. Kwa marathoni hiyo ni kama mita 42 za ziada. Saa ya mkononi ya setilaiti haiwezi kazi hii.

Tena umbali sahihi pekee hautoshi kupata rekodi ya dunia. Njia isiteremke zaidi ya mita 1 kwa kila kilomita, na mahali pa kuanzia na pa kumalizia pasitengane kwa zaidi ya nusu ya umbali wa mbio, maana upepo wa mgongoni unaweza kumsukuma mtu njia nzima. Mkenya Geoffrey Mutai yalimkuta Boston mwaka 2011: alikimbia kwa saa 2, dakika 3 na sekunde 2, kasi ambayo haikuwahi kuonekana, na haikuandikwa kuwa rekodi kwa sababu njia ya Boston inateremka na imenyooka mno. Huko Manchester, Uingereza, ilikuja kugundulika kwamba njia ya mbio za mwaka 2013 hadi 2015 ilipungua mita 380. Maelfu ya wakimbiaji waliomaliza kihalali wakaambiwa muda wao hauhesabiki.

Mtu anaweza kuuliza: mbona Comrades Marathon ya Afrika Kusini, kati ya Durban na Pietermaritzburg, ina karibu kilomita 90 na bado inajiita marathoni? Ni kweli. Jina hilo ni la mwaka 1921, mwaka uleule umbali ulipokuwa ukiamuliwa, na anayejisajili kule anajua anachokifuata. Anayekosea kwa kuongeza hamdanganyi mtu kama anayekosea kwa kupunguza.

Maana madhara yapo, na yako mwilini. Akiba ya sukari iliyo kwenye misuli na ini, kwa kasi ya mashindano, huwatosha wengi kwa kama kilomita 30. Baada ya hapo miguu inakuwa mizito na mkimbiaji anakata moto. Kilomita 12 zinazobaki ndizo zinazoifanya marathoni iwe marathoni, na maandalizi yake ni ya miezi. Aliyezoea kuambiwa kwamba kilomita zake 5 ni marathoni anaweza kwenda Moshi, kwenye Kilimanjaro Marathon, ambako kilomita 42 zipo kweli, akajisajili akidhani ameshazionja.

Heshima nayo inapotea. Septemba 2025 jijini Tokyo, Alphonce Simbu aliipa Tanzania dhahabu yake ya kwanza ya Mashindano ya Dunia ya riadha. Yeye na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda mmoja, saa 2, dakika 9 na sekunde 48, wakatenganishwa kwa sekunde 0.03. Hatuwezi kumpa Simbu na mtu wa kilomita 5 cheti chenye neno lilelile.

Waandaaji, andikeni Mbio za Hisani za Kilomita 10, wafadhili hawatakimbia. Nawe msomaji, kabla ya kulipa kiingilio uliza njia imepimwa na nani na kama ina cheti. Isipokuwa nacho, kimbia kwa afya na kwa madawati, lakini muda wako usiuhesabu.