Merikebu Ndogo ya Shukrani

Katika mji wa Marseille, kusini ya Ufaransa, kuna kilima kirefu karibu na bahari. Juu yake limejengwa kanisa la Bikira Maria, liitwalo Notre-Dame de la Garde, maana yake Mama Yetu Mlinzi. Kanisa dogo la kwanza lilijengwa pale mwaka 1214. Kanisa kubwa lililopo sasa lilibarikiwa mwaka 1864. Mabaharia wanaporudi safarini, huliona tangu mbali.

Mtu akiingia ndani na kuinua macho, hushangaa. Merikebu ndogo zinaning'inia juu, zimefungwa kwa nyuzi. Si vitu vya kuchezea watoto. Ni zawadi za shukrani. Zamani mabaharia walipopatwa na tufani kubwa, walimwomba Bikira Maria awaombee kwa Mwanawe. Wengine waliweka nadhiri: wakifika pwani salama, wataleta kanisani mfano wa merikebu yao. Na mtu mwaminifu hasahau nadhiri yake jua linapowaka.

Lakini merikebu ndogo hujengwa namna gani? Mbao zimenyoka, na tumbo la merikebu ni la mviringo kama tumbo la samaki. Tazameni basi kazi ya fundi.

1. Uti wa mgongo na mbavu

Mwili wa mtu una mifupa, kisha nyama na ngozi. Merikebu ni vivyo hivyo. Kwanza fundi hukata mti mrefu ulionyoka, nao ni uti wa mgongo. Watu wa pwani huuita mkuku. Juu ya mkuku husimamisha mbavu, ndizo mataruma. Mataruma ya katikati ni mapana. Yale ya mbele, upande wa omo, na yale ya nyuma, upande wa tezi, ni membamba.

Fundi hatii ubao bado. Huchukua ufito mwembamba, akaulaza juu ya mataruma toka omo hata tezi. Ufito ukigusa ukingo mmoja tu wa taruma, fundi hulichonga taruma lile kwa tupa, mpaka ufito ulale vizuri juu ya mbavu zote. Kama mifupa ni mibaya, ngozi haiwezi kuwa nzuri.

2. Kupima kabla ya kukata

Hapa ndipo wengi hukosea. Hufikiri ya kwamba mbao zote zibaki na upana mmoja toka mwanzo hata mwisho. Haiwezekani. Tumbo ni pana katikati, lakini mbele ni jembamba, na mbao zilezile lazima zifike pande zote mbili.

Fundi hukata ukanda wa karatasi, akauzungusha juu ya taruma la katikati, toka sitaha mpaka mkuku. Tuseme amepata milimetri 96. Kisha hupima vilevile taruma la mbele, akapata milimetri 64. Anataka kutia mbao 16 kila upande. Basi katikati kila ubao utakuwa na milimetri 6, maana 96 ikigawanywa kwa 16 ni 6. Mbele utakuwa na milimetri 4, maana 64 ikigawanywa kwa 16 ni 4. Kwa hiyo hupunguza kila ubao kwa kisu na randa ndogo, uwe mwembamba kadiri unavyokwenda mbele.

Mtu asiyepima husukuma ubao kwa nguvu. Lakini ubao hukubali kupindwa upande wa bapa. Upande wa ukingo hukataa. Ukilazimishwa, huinua ukingo wake na kupanda juu ya jirani yake, au huvunjika. Nyuma, karibu na usukani, mara nyingi nafasi hupanuka badala ya kupungua. Pale fundi huongeza kipande chembamba chenye umbo la kabari, ili kuziba pengo.

3. Maji na moto

Ubao mkavu ukipindwa sana hukatika. Kwa hiyo fundi huuloweka katika maji ya moto. Maji na moto hulainisha kile kinachoshikamanisha nyuzi za mti. Ubao ungali na joto, huupinda polepole na kuufunga juu ya kipande cha mti chenye umbo linalotakiwa. Ukipoa na kukauka, hushika umbo hilo.

Lazima angoje. Ubao uliolowa umevimba. Ukibandikwa ungali na maji, baadaye utakauka na kunywea, na ufa utaonekana.

4. Kuume na kushoto

Ubao wa kwanza hutiwa karibu na sitaha. Fundi hupaka gundi juu ya mataruma, huulaza ubao, na kuushikilia kwa pini mpaka gundi ikauke. Akiisha kutia ubao mmoja kuume, hutia wa pili kushoto. Hivyo huendelea, kuume na kushoto, mpaka mwisho.

Kwa nini? Kila ubao uliopindwa unavuta, maana unataka kurudi kunyoka. Mbao za pande mbili zikivuta sawasawa, mkuku hukaa umenyoka. Lakini mwenye haraka hutia kwanza mbao zote za kuume. Asubuhi akiamka, anakuta mkuku umepindika kama upinde. Hata akitia za kushoto, hautanyoka tena. Kazi ya siku nyingi imeharibika kwa kukosa saburi. Haraka haraka haina baraka.

5. Kuziba na kulainisha

Katika merikebu za kweli za mbao, mafundi huziba nafasi zote kwa pamba au nyuzi, kisha hupaka lami ili maji yasiingie. Watu wa pwani huita kazi hiyo kutia kalafati. Hata Noe aliambiwa na Mungu apake lami safina yake ndani na nje. Merikebu ndogo ya kanisani haitaingia majini kamwe. Hata hivyo fundi mwema huziba kila ufa, na kuisugua kwa karatasi ya msasa, akifuata nyuzi za mti, mpaka mkono upite bila kukwaruzwa.

Mtu mwingine husema ni kazi bure, kwa sababu merikebu itatundikwa juu sana. Hakufikiri vema. Kilichotundikwa juu huonekana toka chini. Watu wanaosali hawaioni sitaha yake. Huona tumbo lake, ubao kwa ubao. Na kama wasingeona, baharia alimwahidi Mungu zawadi, hakumwahidi takataka.

Watoto wa Kalemie na Uvira huona mitumbwi ya mbao ya wavuvi juu ya Ziwa Tanganyika. Wakipita karibu na fundi wa mitumbwi, wasimame kidogo. Watazame mbavu zake, na namna mbao zinavyokutana. Katika kila ubao ulio mahali pake, maisha ya wavuvi yamelindwa.

Maulizo

1. Kwa nini mabaharia walileta merikebu ndogo kanisani?
2. Mkuku ni nini? Mataruma ni nini?
3. Fundi amepima milimetri 100 katikati na milimetri 60 mbele. Atatia mbao 20. Upana wa kila ubao ni ngapi katikati? Ni ngapi mbele?
4. Kwa nini ubao uliolowa haubandikwi upesi?
5. Mkuku unapindika kwa sababu gani?